Nani Aliyeivuta Mashua? Filamu ya The African Queen na Wapagazi wa Vita Vikuu

Filamu ya The African Queen ilitoka mwaka 1951, ikiongozwa na John Huston na kuigizwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Sehemu kubwa ya picha za nje ilipigwa Kongo ya Wabelgiji na hapa kwetu Uganda, ikiwemo eneo la maporomoko ya Murchison. Hadithi yake ni ya mwaka 1914, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Hoja yangu ni kwamba tatizo la filamu hii si uchache wa Waafrika tu. Kazi waliyoifanya Waafrika katika vita hivyo imehamishiwa mikononi mwa Wazungu wawili.

Mwanzoni Waafrika wapo. Wanaimba kanisani kwa sauti zisizopatana na kinanda, kisha wanagombania kipande cha sigara kilichotupwa na Charlie, mwenye mashua. Baadaye askari wanaoongozwa na Wajerumani wanachoma kijiji na kuwaswaga wanakijiji. Tangu hapo karibu wote wanatoweka, isipokuwa askari wanaofyatua risasi kutoka ngomeni. Nimeitazama filamu hii mara mbili nikitafuta mwanakijiji mmoja mwenye jina, sikumpata.

Tukio la kijiji lina ukweli ndani yake, kwa kuwa pande zote mbili ziliwalazimisha watu kubeba mizigo ya jeshi. Lakini mwanahistoria lazima aulize: wanaume wale walipelekwa wapi? Filamu haijibu. Inaifuata mashua.

Riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, iliyozaa filamu hii, huhusishwa na mapigano ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha boti mbili, Mimi na Toutou, hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Katanga. Kutoka Fungurume zilivutwa nchi kavu kupitia milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, kwa maksai na kwa nguvu za Wakongo wengi waliokata njia msituni na kujenga madaraja. Desemba mwaka huo boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani, Kingani.

Katika filamu, Charlie ndiye anayeingia majini kuivuta mashua matopeni, akatoka na ruba mwilini. Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa uigizaji huo. Wakongo wa Mitumba hawakupata hata mandhari moja.

Wapo watakaosema kuwa hii ni hadithi ya mapenzi, si somo la historia. Nakubali kuwa mwongozaji ana uhuru wake. Hata hivyo, yeye mwenyewe alichagua vita halisi, na watazamaji wengi duniani hawajui simulizi nyingine ya vita hivyo katika Afrika Mashariki. Wanahistoria hukadiria kuwa wapagazi wapatao 95,000 walikufa upande wa Waingereza, wengi kwa maradhi na njaa. Kumbukumbu yao imebaki zaidi katika majina ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, yote yakitokana na kikosi cha wapagazi.

Kwa hiyo sipendekezi filamu hii iachwe. Napendekeza ioneshwe madarasani pamoja na historia ya wapagazi, na ijadiliwe kuanzia pale wanakijiji wanapoondolewa kwenye skrini.