Tarehe ya Kuunga Vipande kwa Cherehani katika Pwani ya Kusini

Kuunga vipande vya nguo katika pwani ya kusini ya Kenya kulianza na leso, na leso ni kazi ya wanawake. Katika karne ya 19 leso ilikuwa kitambaa cha mkono cha mraba, jina lake limetoka kwa Wareno, na madukani iliuzwa ikiwa bado kwenye jora. Wazee husimulia kwamba wanawake wapenda mapambo walinunua leso sita kwa mfululizo, wakazikata katikati wakapata mistari miwili ya tatu tatu, kisha wakaishona mistari hiyo ubavu kwa ubavu. Ikapatikana nguo moja pana ya kujitanda, tatu kwa mbili. Mshono huo mmoja ulioshonwa kwa mkono ndio mama wa mifarishi yote ya vipande inayoshonwa leo kutoka Likoni hadi Vanga.

Hapa pana mzozo wa siku nyingi. Unguja hudai nguo hiyo ni yao, Mombasa nayo hudai ni yake. Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake la Mombasa lilianza mwaka 1887 na alama yake ya “Mali ya Abdulla” inajulikana kila nyumba, alipata sifa kubwa kwa biashara ya nguo zilizochapwa zikiwa nzima, zisizohitaji kuungwa. Sifa hiyo ni ya mwuzaji. Kabla yake palikuwa na sindano ya mwanamke. Ushahidi umo katika jina. Unguja na Mrima huiita kanga, kwa madoa ya ndege wa jina hilo, na jina hilo husema nguo inavyoonekana. Kwale na Mombasa wameshika jina la leso, nalo husema nguo ilivyotengenezwa. Waliotunza jina la kipande ndio waliotunza kumbukumbu ya kuunga, na kwa hoja hiyo dai la pwani ya Kenya lina nguvu zaidi.

Cherehani ilikuja baadaye. Elias Howe alipata hataza yake Marekani mwaka 1846, Isaac Singer mwaka 1851. Jina lake la Kiswahili ni ndugu wa cherehe, jiwe la kunolea linalozunguka, na asili yake ni neno la Kiajemi la gurudumu.

Mashine nyeusi zenye maua ya dhahabu, ambazo bado ziko katika baraza za mafundi, nyingi zimetoka kiwanda cha Kilbowie, mjini Clydebank, Uskoti. Kiwanda hicho cha Singer kilifunguliwa miaka ya 1880, mwaka 1913 kilitoa zaidi ya mashine milioni 1, na mwaka 1980 kikafungwa. Herufi K baada ya namba ya aina, kama 15K au 28K, ni alama ya Kilbowie. Aina ya 15 iliigwa Japani, India na China, ndiyo maana fundi mwenye mashine ya chapa ya kipepeo kutoka Shanghai hutumia bobini ileile. Ya 28 ina chombo cha uzi chenye umbo la dau, na bobini yake ni ndefu.

Ajabu moja lazima itajwe. Mwaka 2009 uvumi ulienea Saudia kwamba ndani ya Singer za zamani mna zebaki nyekundu yenye uwezo wa kufichua hazina na kufukuza majini. Watu walipeleka simu karibu na sindano, wakaamini kwamba simu ikikatika zebaki ipo. Mashine zilizokuwa vyuma tu zikauzwa hadi riyali 200,000. Zebaki haikuwamo.

Thamani ya kweli ya mashine hizi kwa mwunga vipande imo katika tundu la bamba la sindano. Mashine ya zamani hushona mshono mmoja tu, wa moja kwa moja, kwa hiyo tundu lake ni dogo na la duara. Mashine ya kisasa ya mshono wa nyoka ina tundu pana linalomeza pembe ya kipande kidogo. Ya mkono ina faida ya pili: mkono wa kulia huzungusha, wa kushoto huongoza kitambaa, na mshono husimama pale pale fundi anapotaka. Ya mguu huachia mikono yote miwili, lakini mguu wa mgeni wa kazi hurudisha gurudumu nyuma na uzi ukakatika.

Katika kushona mfarishi, leso mpya hufuliwa kwanza, itoke wanga na kurudi. Vipande hukatwa sawasawa, hulazwa uso kwa uso na kushonwa robo inchi kutoka ukingoni. Robo inchi hiyo isibadilike: kosa la uzi mmoja katika kila mshono, kwa mishono ishirini, huupindisha mfarishi mzima. Jozi za vipande hufuatana chini ya sindano bila kukata uzi, kisha hutenganishwa kwa mkasi na kupigwa pasi. Hewa ya bahari huleta kutu, hivyo mafuta ya cherehani ni ya kila wiki; ya nazi huganda na kukamata vyuma.

Mabaki hayakosekani. Leso huuzwa jozi isiyokatwa na fundi ndiye huikata na kukunja pindo. Vitenge na sare za shule huacha vipembe. Diani vipande hivyo huwa mito na mikoba ya kuuzia watalii. Msambweni na vijiji vyake mfarishi huwa wa matabaka mawili tu, bila pamba katikati, maana joto la pwani halitaki zaidi, isipokuwa usiku wa kusi.

Mwenye cherehani ya bibi yake uvunguni asiiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hajaitia mafuta na kuzungusha gurudumu lake.