Hesabu ya Baba

Nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, mageuzi ya Japani ndiyo mada niliyoipenda kuliko zote. Niliwaeleza wanachuo habari za reli, viwanda na shule, nikawasifu Wajapani kwa kuacha ya kale. Jambo moja sikuligusa, nalo ni kalenda. Leo, nikiwa na miaka sabini na ushei, hilo ndilo linalonikosesha raha.

Tarehe 1 Januari 1873, Japani iliacha kalenda yake iliyofuata mwezi mwandamo, ikashika ile ya Ulaya. Ōkuma Shigenobu, mmoja wa viongozi wa serikali ile, alieleza baadaye kuwa hazina ilikuwa na dhiki, na kalenda ya kale ingedai mishahara ya miezi kumi na mitatu mwaka huo.

Basi sikukuu za mwanzo wa majira ya kupukutika majani zikawa mtihanini. Siku ya tisa ya mwezi wa tisa ilikuwa sikukuu ya maua ya krisanthemamu. Ilipohamishiwa tarehe 9 Septemba, ikawakuta watu maua hayajachanua, nayo ikafifia. Lakini usiku wa kutazama mwezi mpevu haukukubali kuhamishwa. Hadi leo huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kadiri mwezi wenyewe utakavyo. Watu huandaa vidonge vya unga wa mchele, majani marefu yenye mashuke, na majimbi mapya yaliyotoka shambani.

Usiku na mchana vinapolingana, huja siku saba ziitwazo Higan, maana yake ng'ambo ya pili. Jua huzama magharibi hasa, ambako Wabudha wengi wa huko husema iko pepo. Watu huzuru makaburi, wakayafagia na kuweka maua. Sheria ya mwaka 1948 iliifanya siku ya katikati kuwa sikukuu ya taifa ya kuwaenzi wazee waliotangulia.

Tena wakulima walihesabu siku 210 tangu mwanzo wa majira ya kuchipua, wakafika mnamo tarehe 1 Septemba, wakati wa tufani na mpunga ukiwa shambani. Huko Yatsuo, katika mkoa wa Toyama, kuanzia tarehe hiyo watu hucheza ngoma siku tatu ili kuutuliza upepo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonichoma. Marehemu baba, mkulima na mvuvi wa pwani, alihesabu vivyo hivyo: tangu Nairuzi, mwongo kwa mwongo, siku kumi kumi, akajua lini apande na lini bahari huchafuka. Likizo moja nilimwambia mbele ya wanangu kwamba huo ni ujinga, kalenda iko ukutani. Hakunijibu. Tangu siku ile sikumsikia akihesabu tena.

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Wajapani waliacha kalenda, lakini mwezi, jua na upepo hawakuviacha. Mimi niliyewasifu nilisoma nusu ya habari yao.

Mjukuu wangu ameniuliza mwongo huu ni wa ngapi. Sikuwa na jibu. Mwaka Kogwa ujao, Mungu akipenda, nitakwenda Makunduchi na daftari, nikaketi na wazee waliosalia, nianze kujifunza.