Mzio mkali: Viongeza utamu, rangi na vihifadhi katika bidhaa zinazovuka Ziwa Tanganyika

Na Mwandishi wa Biashara

Juisi ya unga, peremende, biskuti na vinywaji vya chupa ni mizigo ya kawaida katika barabara ya RN3 kati ya Bujumbura na Rumonge, na katika boti zinazounganisha mwambao wa Burundi na Kigoma, Uvira na Baraka. Zinapofika kwenye maduka madogo ya Bugarama, katoni hufunguliwa na bidhaa huuzwa pakiti moja moja, au hupimwa upya kwenye vifuko vya nailoni. Hapo ndipo lebo hupotea, na kwa mteja mwenye mzio lebo ndiyo kinga yake ya kwanza.

Mzio mkali ni nini?

Mzio, au aleji, hutokea pale kinga ya mwili inapopambana na kitu kisichowadhuru watu wengine. Ukiwa mkali, dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi: vipele na muwasho, midomo na ulimi kuvimba, pumzi kubana, kutapika, kizunguzungu na presha kushuka. Bila matibabu ya haraka unaweza kuua.

Viongeza utamu

Malalamiko mengi huelekezwa kwa aspatamu (E951) na sakarini (E954). Mzio mkali wa viongeza utamu hivi ni nadra sana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1993 uliwapima watu waliodai kuvimba kwa sababu ya aspatamu, ikaonekana haikuwadhuru kuliko kidonge bandia kisicho na dawa. Kwa upande mwingine, erithritoli (E968) imethibitika kusababisha mzio mkali kwa watu wachache, hasa katika taarifa za madaktari wa Japani.

Onyo la fenilalanini linaloandikwa kwenye bidhaa zenye aspatamu halihusu mzio. Linawahusu waliozaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria, ambao miili yao haiwezi kuivunja. Vilevile, mjadala wa Julai 2023, ambapo shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka aspatamu katika kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani, haukuhusu mzio. Wataalamu wa FAO na WHO waliacha kiwango cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku bila kukibadili.

Vinavyohitaji uangalifu zaidi

Salfaiti (E220 hadi E228) huhifadhi matunda makavu, mvinyo na baadhi ya juisi. Zinaweza kuamsha pumu kali. Mwaka 1986 Marekani ilizipiga marufuku kwenye matunda na mboga za kuliwa mbichi, baada ya taarifa za vifo. Kanuni za Codex zinataka zitajwe kwenye lebo zikifikia miligramu 10 kwa kilo. Tafuta maneno yenye "sulf" au "sulph" ndani yake.

Rangi nyekundu ya E120 hutokana na wadudu, na protini zake zinaweza kuleta mzio mkali. Rangi ya njano E102, yaani tatrazini, huwaletea watu wachache vipele.

Hata hivyo, mara nyingi chanzo si kiongezi bali chakula chenyewe: karanga, maziwa, mayai, samaki, soya au ngano.

Wajibu wa mfanyabiashara na msafirishaji

Sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya mwaka 2006. Burundi iliingia katika Jumuiya 2007 na Kongo 2022. Nchini Burundi ubora husimamiwa na BBN. Tanzania ni TBS, iliyokabidhiwa pia usalama wa chakula mwaka 2019. Nembo ya ubora huonyesha kwamba bidhaa imekidhi kiwango. Haina maana kwamba kila mlaji ni salama.

- Ukipima upya, nakili orodha ya viambato na namba za E kwenye kila kifuko.
- Lebo ikiwa kwa lugha ambayo wateja hawaisomi, waeleze kwa mdomo au bandika tafsiri dukani.
- Usipakie biskuti juu ya mabaki ya dagaa au karanga. Fagia bodi la gari au boti kwanza.
- Tunza namba ya toleo na risiti, ili bidhaa mbovu irudishwe bila kutupa shehena nzima.

Mtu akizidiwa

Mlaze chali na kuinua miguu. Akipumua kwa shida, aketi. Asitembezwe hata akisema amepata nafuu. Dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, na vidonge vya muwasho havitoshi kuichukua nafasi yake. Dereva anayeombwa kumbeba mgonjwa aelekee kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kufikiria hospitali ya mbali, na achukue pamoja naye pakiti ya kile alichokula.