Nafuu ya Kodi kwa Asiyekatwa Kodi: Kwale Mwaka 2020

Tarehe 25 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nafuu za kuwakinga Wakenya na makali ya korona. Wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi waliondolewa kodi ya mshahara kabisa, na kodi ya ongezeko la thamani ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Usiku huohuo ndege za abiria kutoka nje zilisimama. Kwa Diani, ufuo wa watalii katika kaunti ya Kwale, kusimama kwa ndege kulizibatilisha nafuu hizo.

Tufanye hesabu. Mhudumu wa hoteli aliyepata 24,000 alikuwa akikatwa kodi ya takriban shilingi 1,500. Msafisha vyumba wa chini ya 13,000 hakukatwa kitu, kwa kuwa punguzo la 1,408 alilokuwa akipewa kila mlipakodi kwa mwezi lilikuwa tayari limeimaliza kodi yake. Aliye chini zaidi, basi, hakuongezewa hata senti. Hata huyo aliyeokoa 1,500 alihitaji kwanza kuwa na mshahara. Hoteli za pwani ya kusini huendeshwa kwa vibarua na mikataba ya msimu. Msimu wa kusi unapoanza na wageni kupungua, wengi hurudi nyumbani kungoja kuitwa tena. Mwaka huo walirudi mapema, na tarehe 8 Aprili Kwale, Mombasa na Kilifi zikafungwa, watu wasiingie wala kutoka. Ndege za kimataifa zilirejea Agosti.

Nje ya lango la hoteli kuna muuza leso, kijana wa ngamia, nahodha wa mashua ya watalii, dereva wa tuktuk wa Ukunda. Hawa hawana stakabadhi ya mshahara. Samaki mbichi na mboga wanazonunua hazikuwa na kodi ya ongezeko la thamani tangu hapo. Kifurushi cha serikali cha Mei cha shilingi bilioni 53.7 kilitenga bilioni 2 za mikopo nafuu ya kukarabati hoteli. Mafundi wachache wangepata kazi, sikatai, lakini mkopo wa ukarabati ni wa mwenye jengo. Programu ya serikali ya Kazi Mtaani iliwalipa vijana wa makazi duni, nayo ilistahili sifa. Ila haikukusudiwa kufidia kipato cha mchuuzi wa ufuoni.

Watetezi wa serikali husema wafanyakazi hawa hawamo katika daftari lolote. Siikubali hoja hiyo. Togo, nchi maskini kuliko Kenya, ilianzisha mpango wa Novissi Aprili 2020: ilitumia daftari la wapiga kura, ambalo lilionyesha kazi ya mtu, ikawatumia wafanyakazi wasio rasmi pesa kwa simu, wanawake wakipewa zaidi ya wanaume. Kenya ina M-Pesa tangu 2007. Na kwa kanuni za mwaka huohuo wa 2007, vikundi vya usimamizi wa fuo, kama vile vya Gazi na Shimoni, huandikisha wavuvi, wenye vyombo na wachuuzi wa samaki. Majina yalikuwapo; kilichobaki kilikuwa kuyatumia.

Madaftari hayo yana mapengo, na muuza leso asiye na kibali angeachwa. Ndiyo sababu kazi ya kuyaunganisha na leseni za kaunti na vyama vya tuktuk ifanywe wakati hoteli zimejaa. Sheria nayo itaje mapema malipo kwa wafanyakazi hawa yataanza lini: kwa mfano, siku ile ile serikali inapoamuru mipaka ya kaunti ifungwe.