Filamu Zilizotengenezwa kwa Mdomo

Waliokuwa watoto Maniema, mashariki mwa Kongo, katika miaka ya 1980, kama wenzao wa Afrika Mashariki, wakitaja filamu walizozipenda hutanguliza majina ya ugenini: Bruce Lee, Rambo, Schwarzenegger. Ndiyo maana ni rahisi kuiona kumbukumbu hiyo kuwa kitawi cha historia ya Hong Kong na Hollywood. Mimi nakataa. Huku Kindu na Kama, nchi ya bati, historia ya sinema ni kwanza historia ya watu walioisimulia. Utawala wa Wabelgiji ulizuia Waafrika kutazama filamu zisizopitishwa kwa ajili yao, na kazi ya kuwatengenezea nyingine ikafanywa sana na wamisionari. Mapadri Weupe walikuwa na Africa-Films mjini Bukavu. Kule Kasai padri Albert Van Haelst alitoa vichekesho vya Matamata na Pilipili. Mkanda mmoja ulipita kwenye lugha nyingi, hivyo mfasiri alisimama kando ya turubai akieleza kwa lugha ya mahali. Padri alichagua picha, lakini aliyesikika ni mfasiri, na watu hucheka wanachokielewa.

Mtu atasema video iliua desturi hiyo, kwa kuwa ilikuja na sauti yake. Sauti hiyo ilikuwa ya Kifaransa, Kiingereza au Kichina, na palipo na lugha isiyoeleweka msimulizi hupata kazi. Nchini Uganda wasimulizi wa vibanda vya video wakawa mashuhuri. Dar es Salaam, msimulizi Lufufu alijulikana kwa kuiongezea filamu maneno ambayo mtunzi wake hakuyaota. Upande wetu kulikuwa na sababu nyingine: uhaba. Katika miji ya machimbo umeme na mshahara vilitegemea bati, na bei yake ilianguka Oktoba 1985, kampuni ya madini ya Sominki ikiwa na miaka tisa tu. Mashine za video zikiwa chache, naona ni lazima aliyeona filamu Kindu awe sinema ya wasioiona.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumbukumbu hudanganya: mtu hukumbuka pigano ambalo halimo kwenye filamu. Ni kweli, na kwangu huo ndio ushahidi wenyewe, maana pigano hilo lilitungwa na mtu fulani, kwa Kiswahili, mbele ya watoto. Vijana wa Kinshasa wa miaka ya 1950 walikwisha kufanya jambo la namna hiyo walipochukua Buffalo Bill na filamu za Kihindi wakazaa lugha ya mtaani, Hindubill. Hakuna anayesema Hindubill ni makosa ya kusikia. Mikanda mingi ya mapadri imetunzwa Ubelgiji. Wasimulizi wamo vichwani mwa watu ambao sasa wana miaka hamsini, kwa hiyo anayeandika historia hii asiwaulize jina la filamu. Awaombe waisimulie, na arekodi hasa pale wanapokosea.