Sheikh Ameri Tajo na Kiti cha Kusini

Ndani ya Bustani ya Victoria, pale Vuga, lipo jumba ambalo wengi wetu hulipita bila ya kuligeukia. Humo ndimo lilimokutana Baraza la Kutunga Sheria tangu 1926 hadi 1964. Kwa miaka thelathini ya mwanzo hakuna aliyeingia humo kwa kura. Wajumbe wote walikuwa wa kuteuliwa. Julai 1957 ndipo viti sita vilipopigiwa kura, na wapigaji walikuwa wanaume tu, tena waliotimiza masharti. Kiti cha Kusini mwa Unguja alikitwaa Sheikh Ameri Tajo wa Makunduchi, kwa upande wa Afro-Shirazi, chama kilichoundwa Februari mwaka ule ule.

Sisi wakulima twapenda kumpima mtu kwa ardhi ya kwao. Makunduchi ni uwanda: jiwe juu, na udongo haba mashimoni. Mikarafuu haistawi huko. Watu walilima mtama, uwele, kunde na muhogo, na msimu wa karafuu ulipowadia walifunga virago wakenda kuchuma kwa wengine. Lakini uwanda ule ulikuwa wao wenyewe, urithi wa wazee wao.

Mkulima wa mashambani, hasa mwenye asili ya bara, alipanda muhogo wake chini ya mikarafuu ya mwenye shamba, kwa ruhusa. Baada ya uchaguzi ule wengi walifukuzwa. Wafuasi wa Afro-Shirazi wakajibu kwa kususia maduka na kufungua yao ya ushirika. (Naam, wanachama wenzetu, si kila duka la ushirika lilizaliwa kwa utulivu.)

Mwishoni mwa 1959 Sheikh Ameri, pamoja na Sheikh Muhammad Shamte na Sheikh Ali Sharif wa Pemba, walijitoa wakaunda ZPPP. Wako wanaosema ni choyo cha uongozi. Sisi twaona hilo halitoshi: mwenye uwanda wake hakuwa na kilio kimoja na aliyefukuzwa chini ya mikarafuu. Hata hivyo Sheikh Thabit Kombo, aliyekuwa naye katika uongozi wa Washirazi wa Unguja, hakutoka.

Januari 1961 wanawake nao walipiga kura kwa mara ya kwanza. ZPPP ilipata viti vitatu, vyote Pemba. Vya Unguja vilikuwa 13: vinane vya Afro-Shirazi, vitano vya Hizbu.