Tibu Maji Kwanza

Rafiki yangu alipopata kazi Doha aliniachia vitu vitatu: godoro, jiko la gesi na tangi la vioo la lita 60 lenye samaki tisa. Godoro na jiko sijaulizwa tena. Samaki naulizwa kila Jumapili. Anapiga simu ya video na hata kabla salamu haijaisha anasema, "Hebu geuza simu niwaone hao watoto." Namgeuzia. Anawahesabu kwa sauti mpaka tisa, ndipo tunaongea mambo mengine.

Kuna Jumapili moja alihesabu akaishia nne.

Hii ni habari ya wale watano, na ya watu wa zamani ambao wangeniokoa kama ningewajua mapema.

Ilianza na madoa. Moli mmoja mweusi aliamka na vitone vyeupe mapezini, kana kwamba kuna mtu amemnyunyizia chumvi usiku. Akawa anajisugua kwenye mawe kama mbuzi anayewashwa. Kesho yake wakawa watatu. Nikakimbia dukani, muuzaji akanipa kichupa cha dawa ya buluu. "Weka matone, boss, watapona." Nikaweka. Halafu, kwa bidii ya mgeni, nikatoa sponji ya filta nikaiosha chini ya mfereji hadi ikakosa harufu. Tangi likang'ara. Siku ya nne samaki walikuwa juu ya maji wanahema, na wa kwanza kufa hakuwa na doa hata moja.

Hilo ndilo lilininyima usingizi. Aliyetangulia kufa ndiye aliyekuwa mzima.

Chuo nilikiacha mwaka wa pili, lakini tabia ya kutafuta jambo lilianzia wapi haikuniacha. Nikaanza kusoma usiku, tangi likinguruma kando ya kitanda.

Kumbe madoa yale si ugonjwa wa ngozi. Ni kiumbe cha seli moja, kilichoelezwa na Mfaransa aitwaye Fouquet mwaka 1876 na kupewa jina refu la kisayansi: Ichthyophthirius multifiliis. Maana yake ni chawa wa samaki mwenye watoto wengi, na jina halidanganyi. Kila doa ni mdudu mmoja aliyejificha chini ya ngozi ya samaki, anakula. Akishiba anadondoka chini ya tangi, anajifunika ganda laini, na humo ndani anagawanyika kuwa mamia. Wale watoto wakitoka wanaogelea kutafuta samaki, na wasipompata kwa siku kama mbili hivi wanakufa. Dawa huwafikia wakati huo tu wa kuogelea. Aliye ndani ya ngozi haguswi, aliye kwenye ganda haguswi. Ndiyo maana madoa yakipotea wewe ukashangilia, bado vita haijaisha.

Mwaka huohuo wa 1876, Heinrich Caro, mwanakemia wa kampuni ya BASF kule Ujerumani, alitengeneza rangi ya kutia pamba: buluu ya methilini. Ilikuwa ya nguo. Lakini mwaka 1891 Paul Ehrlich na mwenzake Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria huko Berlin, kwa kuwa Ehrlich alikuwa ameona rangi hiyo inavyong'ang'ania viini vya malaria. Ikawa dawa ya kwanza iliyotengenezwa kiwandani kupambana na malaria, hata kama wagonjwa walikojoa rangi. Baadaye ikateremka hadi kwa samaki. Kichupa changu cha dukani kilikuwa na ukoo mrefu hivyo.

Ukizifuata dawa za samaki wa nyumbani utaona karibu zote ni za kuazima. Wafugaji wa zamani walipoona madoa meupe walitia kwinini, ile chungu ya magamba ya mti ambayo watu wa malaria wamemeza kwa miaka mamia. Kuna ile ya kijani, malakaiti, iliyoanza kama rangi ya hariri na ngozi. Leo Umoja wa Ulaya na Marekani wameipiga marufuku kwa samaki wa kuliwa, ila kwa samaki wa mapambo bado inauzwa. Halafu kuna chumvi, iliyotoka jikoni. Ni kama mtoto wa mwisho anayevaa nguo za kaka zake.

Na dawa hizi zinafanya kazi. Muuzaji hakunidanganya. Nilichokuwa sijui kilikuwa mahali pengine, na ili nikione ilibidi nirudi nyuma hadi London.

Katikati ya karne ya 19, mwanakemia Robert Warington alikuwa akifanya kazi Apothecaries' Hall, jumba la chama cha wauza dawa. Aliweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha kioo pamoja na mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe, Vallisneria. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mmea utatoa oksijeni, samaki atatoa hewa ya kaboni, kila mmoja atamlisha mwenzake. Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Kisha majani makuukuu yakaanza kuoza, maji yakachafuka, utelezi ukashika kioo.

Hapa ndipo ninapompenda yule mzee. Anaishi katika jumba la dawa, chupa ziko kila upande, na hachukui hata moja. Anakwenda kutafuta konokono wa dimbwini na kuwatia ndani. Konokono wakala majani yaliyooza, maji yakatulia, samaki wakala mayai ya konokono. Aliandika matokeo yake mwaka 1850. Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya Regent's Park ikafungua nyumba ya samaki, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichofanya Waingereza wengi watake tangi sebuleni.

Lakini hesabu ya Warington ilikuwa na pengo. Samaki hamalizi oksijeni tu. Anatoa pia amonia, kupitia matamvua na uchafu wake, na amonia ni sumu inayounguza matamvua hayohayo. Nani anaiondoa?

Jibu lilianzia Paris, mwaka 1877, kwenye maji taka. Schloesing na Müntz walipitisha maji taka polepole katika bomba lililojaa mchanga na chokaa. Kwa siku 20 hivi hakuna kilichobadilika. Kisha amonia ikaanza kupotea na nitrati ikatokea. Kama ni kemia tupu, mbona isubiri siku 20? Wakapitisha mvuke wa klorofomu kwenye bomba, na kazi ikasimama. Wakaongeza maji yaliyosuuza udongo wa bustani, ikaanza tena. Basi mle mchangani kulikuwa na vitu hai, na vitu hivyo vilikuwa vimelewa dawa.

Niliposoma hapo nililaza simu kifuani. Bomba lile ni filta yangu. Klorofomu ile ni kichupa changu cha buluu.

Aliyeichukua kazi hiyo Uingereza alikuwa kemia wa kilimo katika shamba la utafiti la Rothamsted, jina lake Robert Warington. Si yule wa konokono. Huyu ni mwanawe, aliyejifunza kemia katika maabara ya babake. Alionyesha kwamba kazi ile ina hatua mbili, na kila hatua ina vijidudu vyake: wa kwanza wanageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa pili wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia. Alijaribu sana kuwatenga wakae peke yao, akashindwa. Aliyefaulu ni Mrusi Sergei Winogradsky, akiwa Zürich, mwaka 1890. Mwana alikuwa akishughulikia mashamba ya ngano, lakini alilijibu swali lililobaki kwenye kioo cha babake. Sijui kama waliwahi kulizungumzia mezani. Natamani iwe hivyo.

Sasa nielewe nilichofanya. Wale vijidudu wanakaa zaidi kwenye filta. Niliwaosha kwa maji ya mfereji yenye klorini, waliosalia nikawamwagia rangi inayoua bila kuuliza nani adui. Amonia ikapanda. Samaki mwenye madoa na asiye na madoa wote wakaungua matamvua. Madoa yalikuwa na wiki kadhaa za kuwaua. Mimi nilihitaji siku nne.

Wanne waliobaki niliwatibu hivi. Kila siku nilitoa robo ya maji, nikinyonya kwa mpira kutoka chini ambako maganda ya wale chawa hudondoka, na kurudisha maji yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha ili klorini itoke. Hita niliipandisha polepole mpaka digrii 29, maana kwenye joto mdudu hukimbiza maisha yake na kutoka mafichoni upesi. Nilitia chumvi gramu mbili kwa kila lita, nikiyeyusha kwanza. Moli wanaistahimili vizuri. Samaki wengine, hasa aina fulani za kambare wadogo, hawaipendi. Niliendelea wiki nzima baada ya doa la mwisho. Mmoja aliyekuwa ameraruka pezi nilimtenga kwenye ndoo yenye maji safi na pampu ndogo ya hewa, bila dawa yoyote. Pezi liliota tena, kwanza likiwa angavu kama nailoni, kisha likashika weusi. Siku hizi dawa ya buluu naitumia kwenye ndoo tu. Sponji naisuuza katika maji ya tangi lenyewe.

Nilipoacha chuo kila mtu alikuja na kichupa chake. Shangazi alileta maombi, mjomba akaleta fomu za kozi nyingine, mwalimu mmoja akaniletea hotuba. Hakuna aliyeuliza nilikuwa nakula nini, au nalala wapi baada ya karo kukwama. Siwalaumu. Mimi mwenyewe niliona madoa nikakimbilia dukani.

Ile Jumapili rafiki yangu alipohesabu nne, alinyamaza. Nilimweleza yote, sponji, dawa, mfereji. Nilingoja anitukane. Nyuma yake nilisikia wenzake wa chumbani, kitanda juu ya kitanda, mtu akikoroma.

"Hao waliobaki wanakula?" akauliza.

"Wanakula."

"Basi nionyeshe wakila."

Nikachukua chakula, nikanyunyiza, nikamshikia simu karibu na kioo mpaka mkono ukaniuma.